Shangazi Alipoacha Kusubiri: Nihilizimu na Faraja ya Kuweka Tumaini Chini

Kwa miaka minne na ushei mlango wa uani wa shangazi yangu haukufungwa kwa komeo. Nyumba yake iko Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, hatua chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, na watu wa mwaloni hulala wamefunga. Yeye aliurudisha tu mlango, akaweka ndoo tupu nyuma yake ili atakayeusukuma asikike. Mwanawe wa pili alikuwa ametoka kuvua dagaa usiku wa giza, upepo ukawakuta katikati ya maji, mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waliokolewa alfajiri wakiwa wamekumbatia ubavu wa mtumbwi. Yeye hakuonekana. Hakuokotwa mwili, wala shati, wala ndala.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi, na duniani ni Baikal peke yake inayolizidi. Ng'ambo ni Kongo, juu kaskazini Burundi, chini kabisa Zambia. Mtu akipotea humo bila mwili kupatikana, waliobaki nchi kavu wanakuwa na mahali pengi pa kumweka. Labda aliokotwa na wavuvi wa Kongo. Labda yuko Kalemie, upande wa Kongo, hana nauli. Labda amefungwa. Kila jirani aliyekuja kukaa mkekani alikuja na labda yake, na alipoondoka aliacha maneno yaleyale: usikate tamaa, dada, Mungu hamtupi mja wake.

Shangazi hakukata. Mashine ya boti ikiunguruma alfajiri, anatoka nje. Simu ikiita kwa namba inayoanza na 243, mikono inamtetemeka kabla hajapokea, na mara zote alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kutoka ng'ambo anauliza bei. Mbwa akibweka, anaamka. Ndoo ikigongwa na paka, anaamka. Aliota, akatafuta wa kumfasiria ndoto. Alikonda. Watu walimsifu kwa imani yake.

Halafu asubuhi moja tulikuwa kwenye kichanja, tunageuza dagaa na kuchambua vidagaa vya migebuka vilivyochanganyika, wingu limeanza kujikusanya upande wa milima ya Kongo. Bila kuinua uso akaniambia: "Mwanangu, mimi nimeacha kumsubiri." Hakusema amekufa. Nilimsikiliza vizuri kama angesema, hakusema. Usiku ule nililala chumba cha mbele, nikasikia chuma kikisuguana na chuma, komeo linaingia mahali pake. Alilala mpaka adhana ya alfajiri.

Mimi nilikasirika. Niliona kama amemfungia mtoto nje. Imenichukua muda mrefu kuelewa kilichomletea usingizi, na njia ya kuelewa imenipitisha kwenye neno ambalo vijana wengi siku hizi wanalitumia kwenye simu zao bila kulifungua ndani: nihilizimu.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, nihil, yaani "si kitu". Mwaka 1799 mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Heinrich Jacobi alilitumia kwenye barua kwa mwenzake Fichte kama shutuma: falsafa yako, alimwambia, inaishia kwenye utupu. Mwaka 1862 mwandishi Mrusi Ivan Turgenev akampa neno hilo kijana wa kwenye riwaya yake, mwanafunzi wa udaktari asiyepiga goti mbele ya mamlaka yoyote, na likaanza kusikika mitaani. Tangu hapo limebeba mizigo mingi. Kuna anayelitumia kusema ulimwengu hauna lengo. Kuna anayelitumia kusema hakuna jema wala baya. Kuna anayelitumia kusema hana hamu ya kuoga. Haya ni mambo tofauti kabisa, na kuyafunga kwenye kifurushi kimoja ndiko kunakofanya mazungumzo yake yawe mabaya.

Kuna mchanganyo mwingine ulio mbaya zaidi, nao ni kudhani kwamba kukataa maana na kukataa tumaini ni jambo moja. Mtu anaweza kuamini kuwa dunia haina maana yoyote na bado akawa na matumaini makubwa ya kushinda mkeka wa mpira Jumamosi. Na mtu anaweza kuswali swala tano, asiwe na shaka hata chembe kwamba dunia ina Mwenyewe, huku ameacha kabisa kutumaini jambo fulani. Shangazi ni huyo wa pili. Albert Camus, mwandishi mzaliwa wa Algeria, alikaa karibu na hapo kwa njia yake. Kitabu chake cha mwaka 1942 kuhusu Sisifo, yule wa hadithi za Wagiriki aliyehukumiwa kupandisha jiwe mlimani milele na kuliona likiporomoka kila mara, hakihubiri utupu. Camus aliupinga utupu. Alichokataa ni tumaini kwamba siku moja jiwe litakaa juu, na akasema tumwone Sisifo kuwa ana furaha.

Kiswahili chenyewe kinajua kwamba tumaini lina pande mbili, ila tumezoea mno kusikia upande mmoja. Angalia neno tamaa. "Usikate tamaa" tunamwambia mgonjwa, tukimaanisha shika, usiachie. Dakika hiyohiyo tunamwambia kijana "tamaa mbele, mauti nyuma". Neno ni lilelile. Katika usemi mmoja ni kamba inayomshikilia mtu asianguke, katika mwingine ni kamba inayomburuta. Kisha kuna matarajio, yenye kitu mahususi ndani yake, na mara nyingi yenye tarehe. Na kuna subira, ambayo kwa asili yake haidai chochote kije. Sisi tulimwambia shangazi ana subira. Hakuwa na subira. Alikuwa na matarajio yaliyokuwa yanamla.

Wahenga wa ng'ambo walishaliona hili. Kwenye hadithi ya Wagiriki iliyosimuliwa na Hesiodo, mwanamke aitwaye Pandora alifungua mtungi, mabaya yote yakatawanyika duniani, likabaki tumaini peke yake ndani. Wengi wanaisoma kama habari njema. Mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Nietzsche, mwaka 1878, akauliza kama tumaini halikuwamo mtungini kwa sababu nalo ni mojawapo ya mabaya, na akajibu kuwa ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa linarefusha mateso ya binadamu. Karne nyingi kabla yake Seneca wa Roma alimwandikia rafiki yake maneno aliyoyatoa kwa mwanafalsafa mwingine: acha kutumaini, nawe utaacha kuogopa. Alieleza kwamba viwili hivi, vinavyoonekana maadui, vimefungwa pingu moja kama mfungwa na askari wake. Vyote viwili ni vya mtu ambaye moyo wake hauko hapa alipo.

Nilipofika hapo ndipo nilipoanza kumwelewa shangazi, na naomba nilieleze jambo hili polepole kwa sababu ndilo nililoandikia.

Tumaini la namna ile lilikuwa linageuza kila kitu kuwa dalili. Mashine ya boti haikuwa mashine, ilikuwa habari. Namba ya Kongo haikuwa mteja. Ndoto haikuwa ndoto. Hata paka hakuwa na ruhusa ya kuwa paka. Kwa miaka minne hakuna kitu kilichokuwa kimekuja kwa ajili yake chenyewe. Vyote vilikuwa wajumbe, na vyote vilikuja mikono mitupu. Hebu fikiria uchovu wa kuishi kwenye dunia inayokuita jina lako siku nzima, ukigeuka hakuna mtu. Alipoacha kusubiri, vitu vilirudi kuwa vitu. Mashine ikawa mashine. Mteja akawa mteja, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akapatana naye bei vizuri.

Hapa sasa ndipo nihilizimu, ile ya kukataa maana, inapokutana na kuacha tumaini. Anayesema ulimwengu hauna ujumbe kwa ajili yako anakuondolea kitu, ni kweli. Lakini pamoja na kitu hicho anakuondolea pia mashtaka. Baada ya ajali ile wapo waliosema kijana ametolewa kafara. Wapo waliomtaja mzee mmoja wa jirani aliyekuwa amenunua mashine mpya mwezi uleule. Wapo waliomuuliza shangazi, kwa sauti ya huruma kabisa, kama kuna nadhiri aliyoiweka akaisahau. Hawa wote walikuwa wanatafuta maana. Walikuwa hawawezi kuvumilia upepo kuwa upepo. Na maana waliyoipata ilitaka mtu wa kulipa, ama mama mwenyewe kwa dhambi yake, ama yule mzee, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa hapiti njia ya mwaloni jioni. Nimekaa Kigoma vya kutosha kujua mambo kama hayo yanaweza kuishia wapi. Ziwa halina kisa na mtu. Ukilisema hivyo mbele ya mama aliyefiwa linasikika kama ukatili, lakini kwa mama anayelala akijiuliza "nilikosa wapi" ni maji ya baridi.

Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, Pauline Boss, ambaye miaka ya 1970 alifanya kazi na familia za marubani waliopotea kwenye vita vya Vietnam. Aliona huzuni ya aina yake, ambayo mimi kwa Kiswahili naiita msiba usio na kaburi. Hakuna tanga linaloanuliwa kwa sababu hakuna lililotandikwa rasmi. Boss hawahimizi watu hao watamke kwamba ndugu yao amekufa. Anawasaidia wabebe mawili kwa pamoja, pengine amekufa na pengine hajafa, na wakati huohuo wapike, walale, wafanye biashara. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kile ambacho shangazi hakukisema pale kwenye kichanja.

Vita hivyohivyo vina ushahidi mwingine. James Stockdale, afisa wa jeshi la majini la Marekani, alidunguliwa mwaka 1965 akakaa kifungoni Vietnam ya Kaskazini zaidi ya miaka saba. Baadaye aliulizwa ni akina nani hawakutoka hai. Alitaja wenye matumaini mepesi, waliosema watatoka kabla ya Krismasi, Krismasi ikapita, wakasema Pasaka, Pasaka ikapita, mpaka moyo ukavunjika. Viktor Frankl, daktari aliyenusurika kambi za Wanazi, alisimulia jambo linalofanana: kati ya Krismasi ya 1944 na Mwaka Mpya wa 1945 vifo kambini viliongezeka, kwa maoni yake kwa sababu wengi walikuwa wameshikilia kwamba watakuwa nyumbani sikukuu ile. Frankl alilitumia hilo kutetea umuhimu wa kuwa na lengo. Naye Stockdale hakuacha kuamini kwamba mwishowe atashinda. Kwa hiyo nisiwatie maneno mdomoni. Ila wote wawili wanaonyesha kidole kilekile: tumaini lililofungwa kwenye tarehe linaua. Nafikiria Nyarugusu, huko Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo. Kuna watu wamezaliwa pale, wakaoa pale, wakazaa pale, huku wazazi wao wakiongea habari za mwaka kesho.

Lakini hapohapo kuna jambo lisilovumilika. Mimi ninayelala kwangu siwezi kwenda Nyarugusu nikamwambia mtu aweke tumaini chini. Kuacha kusubiri ni haki ya anayesubiri. Mtu mwingine akikuachisha, hasa aliyeshiba, hasa mwenye uwezo wa kukuondolea shida asiyetaka kuiondoa, huo ni wizi. Naona falsafa hii ikitumika hivyo, kuwafanya maskini watulie, na hilo nalikataa kwa nguvu zangu zote.

Pia namkumbuka kijana mmoja wa Mwanga, hapahapa Kigoma, mtoto wa rafiki yangu, aliyemaliza chuo akarudi nyumbani, mwaka wa kwanza akaomba kazi, wa pili akaomba, wa tatu akawa analala mpaka saa nane mchana. "Hakuna maana, mjomba," aliniambia, na akanitajia Nietzsche. Nietzsche mwenyewe kwenye maandishi yake ya mwaka 1887 aliigawa nihilizimu mafungu mawili, moja la nguvu iliyochoka na jingine la nguvu iliyozidi. Nilitaka kumweleza hivyo. Kisha nikamtazama sahani yake: wali na kuhe wa kukaanga aliyetolewa ziwani asubuhi ile, hajagusa. Nikamuuliza utamu wa samaki ukoje siku hizi. Akasema, "Vyote kama karatasi."

Hapo nikafunga mdomo kuhusu Nietzsche. Shangazi alipoacha kusubiri, dunia ilimrudia. Alianza kulalamika chumvi imezidi, akaanza kuona kanga nzuri kwa wenzake. Kijana huyu dunia ilikuwa inamtoka. Hiyo ni sonona, ugonjwa, na inaweza kuvaa maneno ya falsafa vizuri sana, kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe asijue. Usingizi umeharibika, chakula hakina ladha, vitu alivyovipenda havimgusi, anazungumza kana kwamba watu wangepumua bila yeye. Mtu kama huyo hahitaji hoja. Asiachwe peke yake, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kijana wetu alipelekwa. Fasihi yetu ina mfano mzito wa hili: Euphrase Kezilahabi, mwaka 1974, alimwandika Kazimoto katika Kichwamaji, msomi aliyeitazama dunia akaona haina mhimili, na akaishia kujiua. Wanaosoma riwaya ile wakaona ni sifa ya akili kali nadhani wameisoma haraka. Mimi naona humo mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Na dini? Swali hili Kigoma huwezi kulikwepa, na sitaki kulikwepa. Nilikwenda Ujiji kwa ustadhi aliyenifundisha chuoni utotoni, nikamweleza habari ya komeo, nikamuuliza kama shangazi amekosea, maana Qur'ani katika Sura Azzumar, aya ya 53, inakataza kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Alikaa kimya kidogo chini ya mwembe wake. Akaniambia nisome tena aya: kilichokatazwa ni kukata tamaa na rehema. "Mwenyezi Mungu hakumwahidi shangazi yako mtumbwi," alisema. Wakristo nao wana Mhubiri, kitabu kinachosema moja kwa moja kwamba yote ni ubatili, kisha, bila kuufuta ubatili huo, kinamwambia mtu aende akale chakula chake kwa furaha. Na sisi wa pwani na tuliopata Kiswahili kutoka pwani tuna Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaouonyesha moyo majumba ya mji wa kale wa Pate yaliyokuwa na taa na watumishi, sasa popo wananing'inia darini. Hiyo haiwezi kuitwa nihilizimu, kwa sababu mshairi anaukana ulimwengu huu kwa ajili ya ujao. Lakini inatukumbusha kwamba kuitazama dunia ikiwa tupu hatukuletewa na intaneti. Dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee; hilo tumelisikia kwa bibi zetu.

Swali la mwisho nililokuwa nalo ni la kazi. Asiyetumaini atafanya nini? Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Miezi mitatu bila uvuvi Kibirizi ni miezi mitatu ya vichanja vitupu. Wapo waliohesabu siku, wakakopa kwa ahadi ya Agosti, wakakosana. Shangazi alinunua kiroba cha unga wa ngano na kuanza kukaanga maandazi. Nilimuuliza, "Unadhani dagaa watarudi kama zamani?" Akasema hajui. Nikamuuliza tena, akasema hajui, na mafuta yanapoa, nimpishe. Unga ulikuwa umemfika viwikoni. Nilikuwa nimedhani bila tumaini mikono inalala. Yake ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko ilipokuwa inatetemeka.

Nimerudi kwake juzi, usiku wa giza. Ukikaa barazani unaziona taa za wavuvi zimejipanga mbali ziwani kama mji mwingine. Zamani alikuwa anazihesabu jioni, kisha anahesabu zinazorudi. Nilimuuliza kama bado anafanya hivyo.

"Siku hizi naziangalia tu," akasema. "Nzuri."

Tulipoingia alisukuma komeo. Ile ndoo niliikuta jikoni, imejaa maji ya asubuhi.